Uzi: Kwa nini italiki nzito yenye serifu hupendeza kwenye kadi ya harusi na kushindwa kwenye bango?

#1 KadiNaKalamu
Wakuu, salaam. Natengeneza kadi za harusi na za michango hapa Ngamiani, Tanga, na kuna jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu bila kupata wa kujadiliana naye. Nikimwekea mteja sampuli za herufi mezani, hasa bibi harusi mwenyewe au mama yake, mkono huenda moja kwa moja kwenye aina moja: herufi zenye serifu (vile vijimguu kwenye ncha za mistari), zilizolala kuelekea kulia, zilizokozwa, ambazo mstari mnene unapokezana na mstari mwembamba kama uzi. Siku hizi kwangu aina hiyo ni Playfair Display katika umbo lake la italiki nzito, fonti ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua. Majina ya maharusi yakikaa kwa herufi hizo, kadi nzima inatulia.

Tatizo linaanza pale mteja yuleyule anapotaka ratiba yote ya shughuli, shukrani za kamati na bango la ukumbini viandikwe kwa herufi zilezile. Ratiba inachosha macho, na bango aliyekaa nyuma hawezi kulisoma. Dai langu ni kwamba uzuri wa herufi hizi unatokana na uchache wa maneno zinayopewa kuliko umbo lenyewe. Anayepinga na apinge kwa hoja.

#2 Mtoto wa Raskazone
Mkuu, umegusa penyewe, ila nadhani jibu limo kwenye historia. Italiki ilibuniwa na Aldus Manutius wa Venice mwaka 1501 kwa ajili ya kusisitiza maneno, kwa hiyo tangu mwanzo kazi yake ilikuwa neno moja hapa na jingine pale. Herufi iliyoanza na kazi ndogo namna hiyo itabebaje ratiba nzima?

#3 Mzee Chapa
Mwanangu wa Raskazone, hapo kuna mambo mawili ya kurekebisha. Aldus alikuwa mchapishaji; aliyezichonga herufi zenyewe kwenye chuma ni Francesco Griffo. Pili, hazikubuniwa kwa kusisitiza. Maneno machache ya italiki yalionekana mwaka 1500 katika kitabu cha barua za Mtakatifu Katarina wa Siena, kisha mwaka 1501 ukatoka mkusanyo wa mashairi ya Virgil ambao umeandikwa italiki kutoka mwanzo hadi mwisho, katika umbo dogo la kushikika mkononi. Griffo alikuwa anafuata mwandiko wa haraka wa wasomi na makarani wa Italia wa zama zile, na hata herufi kubwa katika vitabu hivyo zilibaki wima, hazikulazwa. Desturi ya kutia neno la mlazo katikati ya maneno yaliyosimama ilikuja baadaye.

Kwa hiyo vitabu vya kwanza kabisa vya italiki vinapinga hoja kwamba herufi hii haiwezi kubeba ukurasa. Kilichoongezwa baadaye ni uzito. Herufi nzito kwa maana tunayoijua leo ni kazi ya karne ya 19, hasa Uingereza, wakati matangazo ya ukutani yaliposhindania macho ya wapita njia. Mwaka 1845 kiwanda cha herufi cha Fann Street, London, chini ya Robert Besley, kilitoa Clarendon, herufi nzito iliyofanywa ikae mstari mmoja na herufi za kawaida, na ikafaa sana kwenye kamusi kwa kuonyesha neno linalofafanuliwa. Mlazo ulitoka kwenye kitabu cha mkononi, uzito ulitoka ukutani, na kati yake imepita miaka zaidi ya 300. Mtu anayeziunganisha sifa hizo mbili anaunganisha makusudi mawili tofauti, na nadhani ugumu anaouona KadiNaKalamu unaanzia hapo.

#4 Mtoto wa Raskazone
Mzee wangu, nashukuru. Lakini Biblia ya Gutenberg, ile ya miaka ya 1450, si ilichapwa kwa herufi nene na nyeusi? Tutasemaje uzito ni wa karne ya 19?

#5 Mzee Chapa
Ukurasa wa Gutenberg wote ni mweusi, na mahali ambapo kila neno ni zito hakuna neno lililokozwa. Uzito ninaousema mimi ni ule unaosimama kando ya wepesi ili msomaji aone tofauti. Na hili linamsaidia KadiNaKalamu: akiandika kadi yote kwa herufi nzito, ameufuta uzito wenyewe.

#6 Mwandishi wa Khati
Assalaam alaykum. Naona tumezungumza tarehe na kusahau mkono. Mimi nimefundishwa khati, yaani sanaa ya mwandiko wa Kiarabu, chuoni tangu utotoni, na kwetu unene wa herufi hutoka kwenye kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha bapa: ukiivuta kwa upana wake unapata mstari mnene, ukiivuta kwa ubavu unapata mwembamba, na pembe ya kushika kalamu haibadiliki ovyo. Ibn Muqla, bingwa wa khati aliyefariki mwaka 940, aliweka kanuni ya kupima herufi kwa nukta za kalamu hiyohiyo, na hadi leo mwanafunzi anapimiwa alifu yake kwa nukta.

Nikiitazama italiki nzito iliyochorwa vizuri naona kalamu ya namna hiyo ndani yake. Tazama herufi ndogo *n*: mstari mwembamba unachomoka chini kabisa kwenye mguu wa kwanza, unapanda kwa mshazari, kisha unanenepa unaposhuka. Katika herufi iliyosimama, *n* ni nguzo mbili na upinde juu yake, hakuna safari ya mkono. Maelezo yangu basi ni kwamba mama wa bibi harusi anapoichagua anachagua kitu kinachoonekana kimeandikwa na mtu, kwa ajili ya watu wawili mahususi. Hati za Kiarabu kwa asili hazina italiki wala herufi kubwa, na mtu akitaka kukuza jina hubadilisha aina ya khati, kwa mfano kutoka naskhi kwenda thuluthi. Kadi yenye majina kwa italiki nzito na maelezo kwa herufi za wima inafanya jambo hilohilo kwa Kilatini.

#7 FundiBrashi
Ustadh hapo juu amesema kweli kuhusu kalamu, ila mimi ni mchora maandishi kwa rangi na naona kuna upande ameuacha. Nimeandika majina ya mashua na ngalawa pale Deep Sea, mwalo wa wavuvi, na wavuvi wengi hupenda herufi nene zilizolala, zenye kivuli, kwa sababu moja tu: wanataka chombo kionekane kinakwenda. Sasa jaribuni kuangalia jambo hili. Ukisimama ubavu wa kulia wa mashua, omo, yaani mbele ya chombo, iko mkono wako wa kulia, kwa hiyo herufi iliyolala kulia inaelekea mbele pamoja na chombo. Ukizunguka upande wa pili, omo iko kushoto kwako, na jina lilelile lenye mlazo uleule linaonekana limeegemea tezi, yaani nyuma ya chombo, linavuta nyuma. Wapo wateja wanaoniambia nilaze herufi za upande huo kuelekea kushoto, na nikifanya hivyo jina linakaa vibaya machoni kwa sababu tumezoea kusoma kuelekea kulia.

Hoja yangu ni kwamba mlazo una maana ya mwendo, na umaridadi unatokana na mwendo huo kuliko kumbukumbu ya kalamu. Na simkubalii KadiNaKalamu kwamba herufi hizi hazifai kwa bango. Zinafaa, ila mistari myembamba lazima inenepeshwe. Herufi iliyochorwa kwa kadi ya mkononi ikikuzwa kwa bango la upana wa mita mbili, hata mistari myembamba inakuzwa nayo, lakini mtazamaji naye amerudi nyuma mita kumi na tano, na kinachomfikia ni vipande vinene vilivyoachana.

#8 BintiPangani
Shikamooni wakubwa. Nafanya kazi ya kupanga vitabu, na nataka kuongeza jambo linalohusu lugha yetu yenyewe, kwa sababu mengi yaliyosemwa hapa yanahusu herufi zilizoumbwa kwa Kilatini na Kiitaliano. Kilatini hakina *w* kabisa na *k* yake ni adimu mno. Kiswahili hakiwezi kusema sentensi mbili bila herufi hizo: *kwa, wakati, kwamba, wako, kwake*. Katika baadhi ya fonti za italiki nzito, *k* na *w* zina mapambo mengi, *k* ina kitanzi au mguu uliopinda, *w* ina mikia inayojikunja, na huenda msanifu alizipamba akitazamia zitokee mara chache. Sisi tukiziandika zinajaa ukurasani na pambo linageuka kelele. Wakati huohuo, mkia mzuri wa *Q* ambao msanifu ameuhangaikia hatuutumii kamwe.

Kuna jingine. Andikeni neno *mnunuzi* kwa italiki nzito yenye tofauti kubwa ya unene na wembamba, kwa ukubwa wa pointi 9, kisha lichapeni kwenye karatasi ya kawaida. Mistari myembamba inayounganisha miguu ya *m*, *n* na *u* inafifia, na kinachobaki ni safu ya mistari minene iliyolala, yenye umbali unaokaribiana. Kinachotofautisha *n* na *u* katika italiki ni mahali unapoungana ule mstari mwembamba, juu au chini, na hicho ndicho kilichopotea. *Umuhimu, mnunuzi, mwinuko, muumini*: msomaji anayajua maneno haya, kwa hiyo anayakisia, lakini kukisia kwa ukurasa mzima kunachosha. Mimi naona sababu ya herufi hii kushindwa kwenye ratiba ni hii, na haina uhusiano na Venice wala na mashua.

#9 KadiNaKalamu
Dada BintiPangani, nimefanya hivyo sasa hivi na *mnunuzi* limenitoka kama ulivyosema. Lakini basi mbona majina ya watu yanapendeza? Majina nayo yana *m* na *n* nyingi, hasa ya kwetu pwani: Mwanamkuu, Mwinyi, Maimuna.

#10 BintiPangani
Kwa sababu kwenye kadi yameandikwa kwa pointi 30 au zaidi, na kwa ukubwa huo mistari myembamba inaonekana. Playfair Display imeandaliwa kwa maneno makubwa, si kwa aya, ndiyo maana ina tofauti kubwa ya unene. Ukitaka italiki nzito ya maandishi madogo, chukua iliyochorwa kwa kazi hiyo. Georgia, kwa mfano, ilichorwa na Matthew Carter ili isomeke kwenye skrini za kompyuta za miaka ya 1990, na italiki yake nzito inavumilia udogo kwa sababu hakuna mstari wake ulio mwembamba kupita kiasi. Ila jihadhari na tarakimu zake, ambazo hazilingani urefu: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari. Kwenye sentensi zinapendeza, kwenye namba ya simu ya kupokea michango zinayumbisha jicho, na mtu akikosea tarakimu moja mchango umekwenda kwingine. Namba ya simu iandike wima, bila kukoza.

#11 Foili na Karatasi
Naomba kuchangia kwa upande wa mashine. Wote mmeeleza uzuri, lakini nadhani sababu ya italiki nzito kutawala kadi ni ya kiufundi kabisa. Kadi nyingi za siku hizi hutakiwa foili ya dhahabu, ambayo hubandikwa kwa joto na mgandamizo. Italiki nyepesi, kwa mfano ile nyembamba ya fonti ya Cormorant, mistari yake hukatika foili isiposhika sawasawa, hasa kwenye karatasi yenye mikwaruzo, na jina linatoka na mapengo. Ukiongeza mgandamizo ili ishike, matundu madogo ya *e* na *a* yanazibika. Italiki nzito inakaa katikati: mistari yake myembamba ina unene wa kutosha kushika foili, na matundu yake bado yako wazi. Mafundi tuliisukuma kwa wateja kwa sababu haituharibii kazi, wateja wakaizoea, na leo wanaiita maridadi.

#12 Mwandishi wa Khati
Ndugu Foili, hoja yako inaeleza kwa nini imeenea, haielezi kwa nini inapendwa na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Herufi nene za wima nazo hushika foili vizuri kuliko zote, na hakuna anayezitaka kwenye jina la bibi harusi.

#13 Foili na Karatasi
Hakuna anayeiona kwa mara ya kwanza, ustadh. Kila mtu Tanga amekwisha kupokea kadi ya harusi kabla hajafikiria kutengeneza yake.

#14 Mwalimu wa Viumbe
Naona mmezungumza harusi tu, na herufi hii ina kazi nyingine ambayo haihusiani na umaridadi. Desturi ya sayansi ni kwamba jina la kisayansi la kiumbe huandikwa kwa italiki. Mkonge wetu ni *Agave sisalana*, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na samaki silikanti anayelindwa katika hifadhi ya bahari ya hapa Tanga ni *Latimeria chalumnae*. Majina hayo yakiingia kwenye kichwa cha habari kilichokozwa, yanalazimika kuwa *Agave sisalana* na *Latimeria chalumnae*, italiki na nzito kwa pamoja, na hapo hakuna aliyechagua kwa ajili ya urembo. Nimeandaa mabango madogo ya mimea kwa wanafunzi wanaokwenda msitu wa Amani, na pale niligundua kwamba italiki nzito ya Times New Roman, ambayo watu wanaidharau kwa kuwa iko kwenye kila kompyuta, inasomeka vizuri sana kwa umbali wa hatua mbili. Times ilitengenezwa kwa gazeti la London na kuanza kutumika mwaka 1932, na hadi leo inavumilia karatasi mbaya.

#15 Fizikia Tanga
Mwalimu amenifungulia mlango. Kwenye vitabu vingi vya fizikia na hisabati, vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na uelekeo, huandikwa kwa herufi nzito, na kiwango cha kimataifa cha ISO 80000-2 kinaelekeza iwe italiki nzito. *F* nzito ni nguvu yenye uelekeo, *F* nyepesi ni ukubwa wake tu. Ubaoni hatuwezi kukoza kwa chaki, kwa hiyo tunachora mshale juu ya herufi, na mwanafunzi akifungua kitabu anakuta mshale haupo na anadhani ni kitu kingine. Napenda wote wanaosema herufi hii ni pambo wajue kwamba kuna mahali ambapo mlazo na uzito vinabeba maana, na ukiviacha umekosea jibu.

#16 FundiBrashi
Fizikia, nimefurahi. Vekta ina uelekeo, na herufi yake imelala. Nilisema mapema kwamba mlazo ni mwendo.

#17 Fizikia Tanga
Mkuu, hapo umevuta kamba upande wako. Hata *F* isiyo vekta imelala, kwa sababu alama za viasi vinavyopimwa, kama nguvu, huandikwa italiki. Kinachoonyesha vekta ni uzito.

#18 Mama Kanga
Wanangu, mimi nauza kanga na nawasoma kwa makini. Hakuna andiko linalosomwa kwa umbali na watu wengi kuliko jina la kanga, na angalieni kwamba mara nyingi limeandikwa kwa herufi kubwa, nene, zilizosimama wima. Kanga inakunjwa, inafungwa kiunoni, inapepea, na mtu anasoma maneno yaliyopinda kwa mkunjo wa nguo. Ukiyalaza maneno hayo tangu kiwandani, mkunjo utayalaza tena, na hayatasomeka. Nimewahi kushika kanga iliyochapwa maneno kwa herufi za mapambo zenye mikia. Wateja waliigeuza huku na huku kutafuta maneno, wakairudisha. Hii inamuunga mkono KadiNaKalamu kuhusu bango, kwa sababu bango la kitambaa nalo hupigwa na upepo.

#19 Mtoto wa Raskazone
Mama, shikamoo. Lakini bango la ukumbini liko ndani, halipigwi na upepo.

#20 Mama Kanga
Marahaba mwanangu. Basi nenda kwenye ukumbi wenye feni.

#21 Mzee Chapa
Kabla hatujaendelea, nawaomba mpime jambo moja, kwa sababu nashuku kwamba baadhi ya mabango yanayolaumiwa hapa hayakuwa na italiki kabisa. Mteja anatengeneza kazi kwenye simu, anaipeleka steshenari, na kompyuta ya pale haina faili la italiki nzito ya fonti ile. Programu inachukua herufi ya wima, inaisukuma ilale, kisha inaongeza unene pande zote. Kuitambua ni rahisi. Tazama *a* ndogo: katika italiki ya kweli, kwa fonti nyingi, ni duara moja lenye mguu, na katika italiki ya kubuniwa inabaki na ile kofia ya juu iliyokuwa nayo ilipokuwa wima. Tazama na *f*, ambayo katika italiki nyingi mkia wake hushuka chini ya mstari. Unene ulioongezwa na programu hunenepesha hata mistari myembamba, kwa hiyo ile tofauti aliyoisema ustadh inapotea, na herufi inabaki imelewa. Hifadhini kazi kama PDF yenye fonti ndani yake, au geuzeni maneno kuwa michoro kabla ya kuyatuma.

#22 KadiNaKalamu
Mzee, nimeliangalia bango ninalolisemea na *a* zake zina duara moja. Italiki ni ya kweli, na bado aliyekaa nyuma haisomi. Asanteni wote kwa michango. Naona ustadh anasema kalamu, FundiBrashi anasema mwendo, BintiPangani anasema mistari inayofifia, Foili anasema mazoea, na kila mmoja ana mfano ambao mwenzake hajaujibu. Mimi bado niko kwenye uchache wa maneno.

Nina swali la kazi. Nina kadi ambayo jina la ukoo la bwana harusi lina *ng'*, na kwenye italiki nzito ile alama inagongana na sikio la *g*, lile linalochomoza juu kulia.

#23 BintiPangani
Kwanza hakikisha umeweka alama iliyopinda kama tarakimu 9, si ile iliyonyooka, wala ile iliyogeuka kama 6. Kisha isogeze kulia kidogo kwa mkono, na herufi inayofuata isogee nayo kiasi hichohicho, vinginevyo jina litaonekana limekatika vipande viwili. Usiipandishe juu, maana itapita kimo cha herufi kubwa na itasomeka kama uchafu wa mashine. Chapa jina peke yake kwenye karatasi, kwa ukubwa wa kadi, kabla ya kupeleka kwa Foili.

#24 FundiBrashi
Na hilo bango usilitupe. Niletee maneno yake niyachore upya kwa brashi. Mlazo nitauacha ulivyo, uzito nitauacha, nitanenepesha mistari myembamba peke yake, halafu Mama Kanga akae kiti cha nyuma aseme anaona nini.

#25 Mama Kanga
Nitakuja, ila feni ziwashwe.